Maili Zinazohesabika

Atakayeifungua hati ya malipo ya gari la wagonjwa huko Marekani, hasa ile inayopelekwa kwa Medicare, bima ya serikali kwa wazee waliotimiza miaka 65 na kwa baadhi ya walemavu, ataona ujira umegawanywa mafungu mawili: ada ya msingi, ambayo hupanda na kushuka kwa kadiri ya tiba aliyoihitaji mgonjwa njiani, na nauli ya masafa, inayoandikwa kwa alama A0425. Fungu la kwanza lina ubishi wake, wala sina haja nalo leo. Ni hili la pili, linaloonekana jepesi kama hisabu ya mtoto wa chuoni, ndilo lililonishughulisha.

Tuchukue gari lililotoka kituoni kipimo cha dashibodi kikisoma 48,208.2, likafika mlangoni pa mgonjwa kikisoma 48,213.6. Bibi akabebwa kwa machela, akapakiwa, na gari likashika njia hadi hospitali, ambako kipimo kilisoma 48,221.9. Karani wa madai hana shughuli na nambari ya kwanza. Huitoa ya pili katika ya tatu, akapata 8.3, na hizo ndizo maili zote anazoruhusiwa kuzidai, maadamu kanuni haitambui safari ila ile ambayo mgonjwa yumo garini. Maili 5.4 za kumwendea bibi, pamoja na zile za kurejea kituoni, hazina mstari wao katika hati. Si kwamba ni za bure, maana injini haijui kama machela i tupu au ina mtu. Gharama yake imechukuliwa kuwa imo ndani ya ada ya msingi, na ada hiyo haiongezeki kwa sababu ya umbali wa kituo.

Ama ile sehemu ya maili, zamani ilikamilishwa ikawa maili nzima, na bibi yetu angaliandikiwa 9. Tangu tarehe 1 Januari 2011, safari isiyofika maili 100 huandikwa hadi sehemu ya kumi ya maili. Mtu aweza kucheka kuona serikali tajiri ikigombania saba ya kumi ya maili moja, lakini akizidisha kwa safari za mwaka mzima katika nchi pana kama ile, ataacha kucheka.

Tena kuna sharti la mahali pa kwenda. Bima hulipia masafa hadi hospitali ya karibu iliyo na uwezo wa kumtibu mgonjwa yule. Iwapo hiyo iko maili 6, na jamaa wakashikilia apelekwe ya maili 15 kwa kuwa daktari wake yuko huko, zile 9 zilizozidi huandikwa kwa alama nyingine, na mzigo wake humwangukia mgonjwa mwenyewe.

Mashamba yametazamwa kwa jicho la huruma kidogo. Panapoamua ni pale mgonjwa alipopakiwa, kwa nambari ya posta ya mahali hapo, wala si hospitali alikoshushwa; na ikiwa ni shamba, maili 17 za mwanzo hulipwa kwa bei moja na nusu. Safari ya maili 20 basi huwa sawa na 28.5 za bei ya kawaida ya shamba. Mimi naliona jambo hili kuwa ni ungamo la kimyakimya kwamba zile maili tupu zina gharama, na ya kwamba huko mbali ada ya msingi haiwezi kuzibeba peke yake.

Mauti nayo yana hisabu yake. Mgonjwa akithibitishwa kufa baada ya gari kuitwa na kabla hajapakiwa, ada ya msingi hulipwa, masafa hayalipwi. Akifa njiani, hulipwa yote kana kwamba amefika hai.

Na gari likichukua majeruhi wawili kwa pamoja, kila mmoja hulipiwa asilimia 75 ya ada yake ya msingi, bali masafa hugawanywa sawasawa: njia ya maili 10, ambayo kila mmoja wao ameipita yote, katika hati ya kila mmoja huwa 5.