Abiria wa Hosanna na Mlango Uliofungwa

Machi 24, 2020, maofisa wa Msumbiji walifungua kontena la lori lililoingia mkoani Tete likitokea Malawi. Ndani mlikuwa na raia 78 wa Ethiopia. 64 walikuwa wameshakufa. Juni 2012 wenzao zaidi ya 40 walikutwa wamekufa porini Kongwa, Dodoma, nchini Tanzania, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Madereva hukamatwa, lakini safari haziishi.

Wengi wa wahamiaji hawa hutoka mji wa Hosanna na vijiji vya jirani, kusini mwa Ethiopia, wakielekea Afrika Kusini. Dalali wa kwanza huwa mtu anayefahamika kwao. Familia huuza ng'ombe, au ndugu aliyetangulia huchanga nauli. Kuanzia hapo madalali hupokezana abiria: wa Moyale, mpakani, humwingiza Kenya, wa Nairobi humhifadhi, mwingine humpitisha njia za panya hadi Tanzania, na mwingine tena humpakia kuelekea Mbeya na mpaka wa Malawi. Kila mmoja hujua aliyemkabidhi na atakayempokea, basi. Ukimkamata mmoja, nafasi yake huzibwa.

Fedha nyingi hupita kwa hawala, yaani nje ya benki kwa kuaminiana, nyingine zikilipwa abiria afikapo kituo fulani. Mpango huo wa kulipa kwa vituo ungepaswa kumlinda abiria. Mara nyingi humgeuza mateka: hufungiwa chumbani, kisha ndugu hupigiwa simu waongeze.

Hatari kubwa iko kwenye lori. Dereva amekodiwa kipande kimoja tu cha safari. Hakumpokea abiria kwao wala hatamfikisha mwisho. Mlango hufungwa ili kwenye kizuizi cha barabarani mzigo uonekane wa kawaida, na mlango huohuo ndio unaozuia hewa. Watu wakigonga, dereva anajua kwamba kufungua barabarani ni kujikamatisha. Kwa hiyo huendelea na safari, au huwatupa porini. Katika mgawanyo huu wa kazi, hakuna aliyepewa dhamana ya uhai wa abiria.

Wanaonusurika hapa kwetu Tanzania wamekuwa wakifungwa kwa kuingia bila kibali, kisha hurudishwa kwao. Hilo ni kosa kubwa la kiupelelezi, achilia mbali ukatili wake. Abiria ndiye pekee aliyeziona sura zote, kuanzia Hosanna hadi kwenye lori. Polisi na Uhamiaji wamhoji kama shahidi, kwa lugha yake na chini ya ulinzi, kabla hajapandishwa kizimbani.