Kusoma Ukuta Kabla ya Kushika Burashi

Kwenye maduka ya zamani ya Homa Bay na Migori, majina mengi yaliyoandikwa kwa mkono hayajafutika, yamefunikwa tu. Mwenye jengo huruhusu ukuta upakwe rangi za kampuni ya simu au ya sabuni, na jina la duka likazikwa chini yake. Kwa anayetaka kulifufua, tabaka hilo lina heri yake. Rangi ya maji haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta isiyopigwa msasa, hivyo jua na mvua huibandua na herufi za kale zikachungulia.

Kuzisoma ndiko kwenye kazi. Homa Bay iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua huwa karibu utosini. Ukuta unaotazama mashariki, ukiukagua yapata saa tano na nusu, mwanga huteremka ukiuparuza na kila ukingo wa rangi hutoa kivuli chembamba. Hapo mistari ya kulala hujitokeza. Ile ya kusimama huhitaji tochi ya ubavuni, usiku. Nyunyiza maji pia: plasta tupu huyanyonya na kukoza, lakini palipobaki mafuta ya rangi hapabadiliki sana.

Rangi nazo hudanganya. Nyeusi ya masizi hustahimili jua, ilhali nyekundu nyingi hupauka. Ukikuta herufi nyeusi iliyokonda kupita kiasi, tafuta ubavuni mwake mabaki ya kivuli chekundu alichoongeza fundi. Anwani nayo husema umri: sanduku la posta la Suna, Migori, lisilo na msimbo wa posta 40400, au la Homa Bay lisilo na 40300, huweza kuashiria kibao cha kabla ya misimbo hiyo.

Kunakili ni rahisi zaidi. Tandaza nailoni angavu, fuata kingo kwa kalamu, kisha hamishia mchoro kwenye karatasi. Toboa mistari kwa sindano, ibandike karatasi juu ya ubao mpya, uipigepige kwa kitambaa chenye unga wa makaa. Uzi uliopakwa chaki hukupa mstari wa msingi.

Hapa ndipo wengi huharibu: wanachukua herufi za kompyuta. Fundi wa zamani hakuandika A mbili zinazofanana, na nafasi ilipomwishia alizibana herufi za mwisho. Mbano huo ni mwandiko wake, usiunyooshe.

Ukuta wenyewe usiukwangue ukiwa mkavu, maana rangi za mafuta za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Wala usipake juu ya maandishi asilia. Andika kwenye ubao mpya, uutundike kando.

Nawe mwenye duka, kabla hujaruhusu ukuta upakwe upya, upige picha nzima, rula ikiwa imesimama ndani yake.