Pac-Man Katika Kompyuta Ndogo: Uaminifu kwa Jambo Gani?

Anayeuhamisha mchezo wa kompyuta kutoka mtambo mmoja hadi mwingine hukabiliwa na swali lile lile linalomkabili mfasiri wa fasihi: lipi lihifadhiwe, na lipi liachwe? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mfano wa Pac-Man, mchezo wa mzingile uliobuniwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco na kutolewa Japani mwaka 1980.

Kanuni zake ni nyepesi. Kiumbe wa manjano mwenye kinywa kipana hupita katika mzingile akila punje ndogo 240 na kubwa 4, huku akiwindwa na mizuka minne. Hata hivyo, uhai wa mchezo hauko katika punje bali katika mizuka, kwani kila mmoja una tabia yake. Mwekundu humwandama mlaji pale pale alipo. Wa waridi hulenga miraba minne mbele yake ili umkingie njia. Wa buluu hutazama pia mahali ulipo mwekundu. Wa rangi ya chungwa hufuata ukiwa mbali, lakini ukikaribia hugeuka na kwenda zake pembeni. Mchezaji stadi huisoma mizuka hii kama tusomavyo wahusika wa tamthilia.

Mwaka 1982 kampuni ya Atari iliutoa mchezo huu kwa ajili ya mtambo wake wa nyumbani, Atari 2600. Mtambo huo ulikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, na programu nzima ilibanwa katika baiti 4096. Kwa ufinyu huo, mizuka ilichorwa kwa zamu, ikawa inapepesa. Punje zikageuka vijistari. Na njia za kutokea kando zikahamishiwa juu na chini. Dhiki ya mtunzi tunaielewa. Lakini kilichosalia kilikuwa jina na kisa, si mzingile ule watu walioujua.

Njia nyingine ilijaribiwa miaka mingi baadaye katika ZX Spectrum, kompyuta iliyotoka Uingereza mwaka 1982. Prosesa yake ni Z80, aina ile ile iliyotumika katika mtambo wa Namco. Simon Owen aliutumia undugu huo: katika matoleo ya baadaye ya kompyuta hiyo, yaitwayo +2A na +3, aliyaacha maagizo ya asili yafanye kazi yenyewe, naye akashughulikia uchoraji upya. Kazi hiyo si ndogo. Skrini ya asili ina mistari 288. Ya Spectrum ina 192. Safu 31 za mzingile, kila moja ikiwa na kimo cha nukta 8, zahitaji mistari 248. Hapana budi picha ipunguzwe.

Kwa maoni yetu, njia hii ya pili ndiyo iliyo aminifu zaidi, ijapokuwa picha yake ni ndogo. Imetoa ukubwa sadaka ili iokoe tabia. Lakini tahadhari moja yafaa. Spectrum hairuhusu zaidi ya rangi mbili katika kila mraba wa nukta 8 kwa 8, hivyo michoro ikikaribiana rangi huambukizana. Mtengenezaji aweza kushawishika kuipa mizuka yote rangi moja ili picha itulie. Hilo lingekuwa kosa, maana rangi hapa si pambo; ndiyo jina la mhusika. Tabia isiyotambulikana haimfai mchezaji.

Lipo pia suala la kasoro. Katika hatua ya 256 hesabu ya hatua huzidi uwezo wa baiti moja, na nusu ya kulia ya mzingile hufunikwa na herufi zisizo na maana. Atumiaye maagizo ya asili hurithi dosari hiyo. Je, airekebishe? Mhariri mwema wa utenzi wa kale hafuti neno lenye mashaka kimyakimya. Huliacha, akatia maelezo pembeni. Na hapa iwe vivyo hivyo.

Mwalimu anayefundisha tafsiri aweza kuutumia mfano huu darasani. Mwanafunzi asiulizwe tu kama tafsiri inafanana na asili. Aulizwe pia imefanana katika jambo gani, na kwa gharama ya jambo gani.