Kuihakiki Bahasha ya Dawa

Wahakiki wetu huhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Sijaona hata mmoja aliyekaa akaihakiki bahasha ndogo ya karatasi, ile ya kutiwa vidonge, iliyokatwa kwa mkasi na kugandishwa kwa mkono. Niruhusu, ndugu msomaji, nifanye hivyo mimi, kwa maana katika ualimu wangu wote hakuna kitu nilichokihukumu vibaya kama hicho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika sana nchini Tanzania, na karatasi pia ilikuwa ya kutafutwa. Mtu aliyekwenda zahanati bila kikaratasi chake alirudi na vidonge katika pindo la khanga. Chuoni kwetu tukaamua wanachuo watengeneze bahasha za zahanati ya jirani. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa tangu 1967, nasi tulitakiwa tuonyeshe matunda yake. Wakati huo nilikuwa mkufunzi wa kazi za mikono (ukuu wa chuo ulikuja baadaye), hivyo kusahihisha kulikuwa juu yangu.

Kiolezo kilikuwa rahisi. Unachukua karatasi ya mraba, sentimita 12 kila upande. Unakunja mbavu mbili kuelekea katikati hadi zipandane kwa sentimita 1, na upana unabaki 5.5. Chini unakunja sentimita 1.5 na kugandisha; juu unaacha sentimita 2 za kifuniko. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Uji huo hushika vizuri, lakini ukipakwa mwingi karatasi hujikunyata, usipokauka barabara huota ukungu, na mende nao hawabishi hodi. Karatasi yenyewe ina mwelekeo wa nyuzi: ukikunja kwa kuufuata, mkunjo hulala, ukiukata, mkunjo huinuka tena kama mtoto aliyelazimishwa kulala mchana.

Kazi yote ipo katika pembe mbili za chini. Hapo karatasi hupunguzwa kwa mkasi ili mkunjo usiwe mnene. Mkasi ukipita mstari wa mkunjo, kila pembe inabaki na tundu, na gundi haizibi tundu hilo.

Nazikumbuka bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya karatasi nyeupe, kifuniko kimekatwa kwa mawimbi, na uso mzima umechorwa maua kwa kalamu za rangi. Niliipa 18 kwa 20. Ya pili ilitokana na daftari lililokwisha kutumika. Hesabu za mtu zilionekana upande wa ndani, na kifuniko kilikwenda kombo kidogo. Niliipa 11, nikaandika pembeni: "Ongeza unadhifu."

Mganga wa zahanati alipokuja kuzichukua, alitia punje za mtama katika zote mbili, akazitikisa juu ya meza yangu. Maua yangu yakamwaga mtama. Ile ya daftari haikutoa hata punje moja. Kisha akauliza, kwa upole, kwenye hii ya maua angeandika wapi kwamba mgonjwa ameze kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Ile nyingine ilikuwa na uso mtupu, na kumbe aliyeitengeneza aliuacha hivyo makusudi. Mganga akaongeza kwamba yeye huandika kabla ya kutia vidonge, kwa kuwa kalamu haiendi sawasawa juu ya vitu vinavyoviringika.

Nimefikiri sana kosa langu lilianzia wapi. Naona niliihukumu bahasha ya dawa kwa sheria ya bahasha ya barua. Uingereza, kabla ya 1840, gharama ya posta ilihesabiwa kwa idadi ya karatasi, na bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi nyingine, kwa hiyo wengi walikunja barua juu ya barua yenyewe. Bahasha ya barua ilikuwa anasa. Hata ilipoenea, zilikunjwa kwa mkono hadi Edwin Hill na Warren De La Rue walipopata hataza ya mashine yao mwaka 1845. Bahasha ya aina hiyo ina haki ya kupendeza: hubeba karatasi bapa isiyoweza kupenya kwenye tundu la pembeni. Kidonge hupenya. Mama mzee akipoteza vidonge viwili njiani, maua hayatamrudishia.

Vitabu vya kazi za mikono vina kasoro hiyo hiyo. Huchora bahasha ikiwa tupu. Mwanafunzi haambiwi aijaze, aitikise, aipeleke mbali mfukoni.

Katazo la mifuko ya plastiki la 1 Juni 2019 liliviacha vifungashio vya dawa, na dawa zangu za shinikizo la damu hunijia katika vifuko vya plastiki vyenye kujifunga mdomo. Sina ugomvi navyo. Lakini nikisafiri hukunja bahasha mbili, ya asubuhi na ya jioni, kwa karatasi ya daftari la mjukuu, na pembe hukata kama alivyokata yule wa 11.

Yeye sikumwambia kitu. Orodha ya alama ilikuwa imekwisha kupelekwa, na kuirekebisha kulihitaji barua moja kutoka kwangu. Karatasi ya kuiandikia nilikuwa nayo.