Yai la Leo Halihitaji Kikombe

Vikombe vya silikoni vya kupikia mayai vinauzwa mitandaoni na kwenye maduka ya vyombo mijini, na maelezo yake ni mepesi. Paka mafuta, pasulia yai ndani, weka kikombe kielee juu ya maji yanayochemka, funika sufuria, subiri dakika chache. Linatoka yai lisilo na ganda, la mviringo, safi, kiini kikiwa laini. Kabla mkazi wa Nyanungu, wilayani Tarime, hajatoa fedha yake, ni vizuri ajue kifaa hiki kilibuniwa kuondoa tatizo gani, na kama tatizo hilo analo. Nikipima mambo yote, naona hana.

Tuanze na yai lenyewe. Ute wake huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kitu za Selsiasi, lakini protini iliyo nyingi zaidi ndani yake, ovalbumini, husubiri hadi karibu nyuzi 80. Kiini huanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65 na kushika karibu na 70. Maji ya nyuzi 80 hadi 85, basi, yanatosha kabisa. Maji yanayotokota hayaivishi yai vizuri zaidi. Yanalipigapiga na kuuchana ute vipande vipande.

Joto hilo linapatikana kwenye mafiga bila kipimajoto. Maji yakishachemka, vuta kuni nje, bakiza makaa. Tazama sakafu ya sufuria: viputo vidogo vimeng'ang'ania chini, kimoja kimoja kinapanda, uso wa maji unatetemeka bila kupasuka. Hapo ndipo. Pasua yai kwenye kikombe cha chai, inamisha ukingo wake hadi uguse maji, limwage polepole. Dakika tatu hivi zinatosha yai la kuku wa kienyeji, ambalo mara nyingi lina uzito wa gramu 40 tu. Litoe kwa kijiko chenye matundu, lichuje maji, litie chumvi.

Wengi hushindwa hapo kwa sababu ya nyuzinyuzi nyeupe zinazotapakaa sufuriani, na wanadhani mkono wao ndio mbaya. Chanzo ni umri wa yai. Kila yai lina ute mzito unaokizunguka kiini na ute mwepesi ulio pembeni. Tangu siku linapotagwa, kabonidayoksaidi inavuja kupitia vitundu vya ganda, asidi inapungua, na ute mzito unazidi kulegea kuwa mwepesi. Huo mwepesi ndio unaotapakaa. Kwa hiyo yai lililokaa siku nyingi kwenye trei, likapita mikononi mwa mfugaji, mchuuzi na muuza duka katika joto la mjini, linafika jikoni likiwa limeshapoteza kile ambacho kingelishikilia umbo. Kikombe cha silikoni ni ukuta wa kuuzuia ute huo usikimbie.

Nyanungu kuku hutaga nyuma ya nyumba. Yai la asubuhi lina ute mzito wa kutosha kujishika lenyewe. Ukiwa na shaka, litumbukize kwenye maji baridi: jipya hulala chini, la zamani husimama, linaloelea liache. Likiwa la siku kadhaa, chukua chujio la chai, pasulia yai humo, litikise kidogo. Ute mwepesi unachuruzika, mzito unabaki na kiini chake. Harold McGee, Mmarekani anayeandika kuhusu sayansi ya mapishi, anasisitiza kanuni hii hii ya kuchuja. Siki au ndimu pia huharakisha kuganda, ila huacha uso wa yai ukiwa na mikunjo na ladha ikiwa na ukali.

Sasa tukiangalie kikombe chenyewe. Silikoni hupitisha joto polepole mno. Sufuria ya aluminiamu hulipitisha mamia ya mara kwa wepesi zaidi. Yai likiwa ndani ya kikombe haligusani na maji: upande wa chini unapata joto lililochelewa, upande wa juu unategemea mvuke ulionaswa na mfuniko. Ukifunua kuchungulia, mvuke unaondoka na juu kunabaki kubichi huku chini kumekuwa kama mpira. Matokeo yake ni yai la mvuke, zuri kwa namna yake, lakini halina ule ulaini wa yai lililozungukwa na maji pande zote.

Mwinuko nao una neno. Maeneo ya Tarime yako takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Anayepika kwenye maji ya nyuzi 80 hapotezi kitu. Anayetegemea mvuke anapata mvuke wenye joto pungufu, kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye boksi hazimtoshi. Tena silikoni huvumilia hadi nyuzi 230 hivi. Mwali wa kuni unapita hapo mbali, na ukilamba kikombe utakiharibu.

Kikombe kina mahali pake. Katika kambi za watalii za Lamai na Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, ambako mayai yakisafiri barabara ndefu hufika yamechoka na wageni wengi wanataka sahani zinazofanana, kitamsaidia mpishi. Na kwa njia yoyote, mtoto mdogo, mjamzito na mzee wapewe yai ambalo kiini chake kimeshika, kwa sababu ya salmonela.

Kijana wa Nyanungu anayetaka kazi ya upishi kwenye kambi hizo ajifunze kwanza kwa sufuria, makaa na yai la nyumbani. Akishajua kuyasoma maji na kuutambua umri wa yai, atakishika kikombe chochote atakachopewa na kujua kwa nini kimefaulu au kimeshindwa. Ujuzi huo haununuliwi dukani, na vifaa vyake vyote anavyo tayari.