Nafsi ya Msomaji katika Nathari ya Tovuti za Umma

Katika uhakiki wa Kiswahili, suala la hadhira limejadiliwa zaidi kuhusiana na fasihi simulizi, ambako fanani humwona msikilizaji wake na kubadili usimulizi pindi anapomwona akisinzia. Ni nadra nathari ya ofisi kuhakikiwa kwa jicho hilo. Hata hivyo, hiyo ndiyo matini ambayo mwananchi huisoma apende asipende, na siku hizi huisoma kwenye tovuti, pasipo karani wa kumuuliza.

Nchini Uingereza, waundaji wa tovuti ya serikali ya GOV.UK, iliyozinduliwa mwaka 2012, walifanya mahitaji ya mtumiaji kuwa kanuni yao ya kwanza. Kanuni hiyo huonekana kuwa ya kifundi tu, lakini kiini chake ni cha kihakiki. Ni suala la msomaji anayedokezwa na matini, ambalo Wolfgang Iser alilishughulikia katika kitabu chake cha 1972. Matini nyingi za ofisi humdokeza msomaji ambaye tayari ni mtumishi wa ofisi hiyo.

Sentensi ya kubuni yatosha kulithibitisha hili: "Uwasilishaji wa maombi ya cheti cha kuzaliwa utafanywa baada ya uthibitishaji wa stakabadhi." Kisarufi haina kasoro. Lakini nani athibitishe, mzazi au afisa? Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hubeba kiambishi cha nafsi, na hivyo humbana mwandishi. Unominishaji na kauli ya kutendwa ndivyo humpa maficho. Akiandika "Afisa akishathibitisha stakabadhi zako, wasilisha maombi," amelazimika kwanza kuujua utaratibu wenyewe. Akiandika "ukishathibitisha," amemtuma mzazi kwingine kabisa. Kuiandika upya sentensi hiyo, basi, si kuipamba. Ni kufichua kwamba mwandishi wa awali huenda hakujua, au hakutaka kusema, na anayelipia ukimya huo ni mzazi aliyefunga safari, akapanga foleni, akarudishwa.

Wafanyabiashara walilitambua hili mapema. Jina "Lipa na M-Pesa" laanza na kitenzi cha kuamuru katika nafsi ya pili umoja, wala adabu haikuharibika.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, tafsiri pekee haitoshi: nomino za Kiingereza cha ofisi zikihamishwa moja moja, fumbo nalo huhamia.

Yupo atakayemtaja Hans Robert Jauss, aliyeona thamani ya kazi ya fasihi katika umbali wake na upeo wa matarajio ya msomaji, akadai kuwa kigezo cha mahitaji ni adui wa sanaa. Dai hilo lina uzito kwa riwaya. Kwa fomu ya cheti halina, kwani msomaji wake hakuja kutafuta mshangao. Idara za Kiswahili zinazotaka kulijaribu suala hili zingeweza kuanzia karibu, kwa maelekezo ya usajili wanayopewa wanafunzi wao wenyewe.