Rido Yashinda Vigae

Hoteli mpya za Kasese zinang'aa: vigae, taa za dari, picha ya kilele cha Margherita, mita 5,109, huku dirisha linaloelekea Rwenzori yenyewe limezibwa na pazia zito. Kwangu mimi huo ni urembo wa kuiga tu.

Huku Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, nimeona chumba cha watu saba. Mama katundika kikwembe cha zamani kwenye kamba: wazazi kule, watoto huku. Hiyo rido, kama tunavyosema sisi wa Kongo, inampa binti mahali pa kubadili nguo. Huo ndio upambaji.

Ndugu zetu wa mashirika, mkileta turubai, ongezeni kamba na kitambaa. Turubai huzuia mvua, haimsitiri mtu.